Mlango Mmoja kwa Mchezo Mmoja: Hotuba kuhusu Fayawoli na Michezo ya Mtandaoni

Waheshimiwa wazazi na walezi, ndugu walimu, na ninyi vijana ambao ndio hasa niliokuja kuzungumza nanyi, nawasalimu nyote na kuwashukuru kwa kunipa nafasi hii.

Naomba nianze na jioni moja nyumbani kwa dada yangu. Nilikuwa nimeitwa kuiangalia kompyuta iliyokuwa ikienda polepole, na nilipofungua mipangilio ya usalama nikakuta alama tatu nyekundu, moja kwa kila aina ya mtandao, zikionyesha kwamba fayawoli, yaani ule ulinzi unaozuia wasioalikwa kuingia kwenye kompyuta kupitia mtandao, imezimwa kotekote. Nilimwuliza mpwa wangu ni nani aliyeizima. Alinijibu bila kusita: "Ni mimi, Mjomba. Mchezo ulikuwa unakataa kuunganisha, rafiki yangu akaniambia nizime fayawoli, na kweli nilipoizima ukakubali." Nikamwuliza ilikuwa lini. Akafikiri kidogo, kisha akasema ilikuwa likizo iliyopita. Kompyuta ile, yenye picha za familia, nyaraka za kazi za mama yake na nywila zote zilizohifadhiwa humo, ilikuwa imekaa bila ulinzi huo kwa miezi minne kwa sababu ya mchezo ambao, siku hiyo niliyofika, hakuwa akiucheza tena.

Sikumgombeza, kwa sababu alichoniambia kilikuwa kweli. Mchezo ulikuwa umekataa, na ulipoondolewa ulinzi ulikubali. Kosa lake lilikuwa kudhani kwamba njia ilikuwa hiyo moja tu, na ni kosa ambalo nimelikuta kwa watu wazima wengi kuliko watoto. Ninachotaka kuwaeleza leo ni kwamba hakuna mchezo wa kawaida unaohitaji fayawoli izimwe. Mchezo huhitaji ruhusa moja, ndogo, yenye jina lake, na mara nyingi hata hiyo hauihitaji.

Nianze na jina lenyewe. Wengi wetu tumezoea kusema "ukuta wa moto", na picha inayotujia ni ya ukuta unaowaka. Neno hili limetoka kwa wajenzi, ambao kwao ni ukuta unaojengwa kati ya sehemu mbili za jengo ili moto ukizuka upande mmoja usivuke kwenda upande wa pili. Hata hivyo, kazi ya fayawoli katika kompyuta haifanani sana na ukuta. Mimi huiona kama bawabu aliyekaa langoni na daftari lake. Kila pakiti ya data, yaani kifurushi kidogo cha taarifa, inayofika humkuta pale, naye huitazama inatoka anwani gani, inakwenda kwenye mlango upi, na kama kuna mtu wa ndani aliyeiomba.

Kuhusu milango, ni vyema mjue kwamba kompyuta yenye anwani moja ya mtandao inaweza kupokea mawasiliano kupitia milango yenye namba hadi 65,535, ambayo mafundi huiita poti. Hiyo si milango ya kushika kwa mkono. Ni namba tu zinazoandikwa kwenye kila pakiti ili kompyuta ijue pakiti hiyo ni ya programu ipi. Seva ya mchezo wa Minecraft, yaani programu inayowapokea wachezaji, kwa mfano, husikiliza kwenye poti namba 25565 isipobadilishwa, na huduma ya Windows ya kushirikishana mafaili husikiliza kwenye poti namba 445. Namba zote mbili ziko kwenye kompyuta ile ile. Mtu anapoizima fayawoli ili rafiki yake aingie kwenye ule mlango wa mchezo, anakuwa amemwondoa bawabu kwenye milango yote, pamoja na ule wa mafaili ambao hakuwa hata na habari nao.

Jambo la pili kuhusu daftari la bawabu ndilo ninalotamani kila mchezaji alielewe, kwa maana likieleweka, nusu ya malalamiko juu ya fayawoli huisha. Unapofungua mchezo na mchezo ukaita seva yake, ni kompyuta yako iliyoanza mazungumzo. Bawabu huandika kwenye daftari kwamba programu fulani imetuma ujumbe kwenye anwani fulani, na jibu linaporudi kutoka anwani hiyo hiyo kwenda mlango huo huo, hulipitisha bila kuuliza. Hata michezo ya kasi, ambayo kwa kawaida hutumia utaratibu wa UDP usiosubiri uthibitisho wa kila pakiti, hulindwa na kuhudumiwa kwa njia hii, kwa kuwa mchezo hutuma pakiti mfululizo na kumbukumbu ya bawabu haipati muda wa kufutika. Ndiyo sababu idadi kubwa ya michezo ambayo seva zake zinaendeshwa na kampuni yenyewe hufanya kazi vizuri kabisa huku fayawoli ikiwa imewashwa na bila ruhusa yoyote ya ziada. Ruhusa huhitajika pale ambapo mgeni ndiye anayeanza kubisha hodi, yaani unapoandaa mchezo kwenye kompyuta yako ili wenzako waingie, au pale mchezo unapowaunganisha wachezaji moja kwa moja bila seva katikati.

Huenda kijana mmoja hapa akauliza: kama mlango uko wazi lakini sijabofya kitu chochote, mtu atanidhuru vipi? Swali hilo lina jibu katika historia. Windows XP ilipotolewa mwaka 2001 ilikuja na fayawoli, lakini ikiwa imezimwa. Mnamo Agosti 2003 mnyoo wa kompyuta, yaani programu hasidi inayojisambaza yenyewe, ulioitwa Blaster ulienea duniani kupitia poti namba 135. Haukuja kwa barua pepe, wala haukumsubiri mtu afungue faili. Kompyuta ilikuwa inaunganishwa kwenye intaneti, mnyoo unabisha, unaingia, na mwenye kompyuta anaona dirisha likihesabu sekunde 60 kabla mashine haijajizima na kujiwasha upya. Miezi michache baadaye, mwishoni mwa Aprili 2004, ukafuata mnyoo wa Sasser kupitia poti 445. Agosti mwaka huo huo Microsoft ilitoa toleo la pili la masasisho makubwa ya Windows XP, na tangu hapo fayawoli ya Windows huja ikiwa imewashwa. Na msidhani kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati, kwa kuwa Mei 2017 programu hasidi ya WannaCry, iliyofunga mafaili ya watu na kudai fidia, ilipita kwenye poti ile ile ya 445 na kuingia katika kompyuta zisizosasishwa katika nchi nyingi.

Wapo watakaoniambia kwamba siku hizi kila nyumba ina ruta, kile kifaa kinachogawa intaneti nyumbani, na ruta nayo ni kinga. Wana haki kwa kiasi fulani. Anwani za aina ya zamani ni takriban bilioni 4.3 tu, hazitoshi kila kifaa, kwa hiyo ruta huvipa vifaa vya ndani anwani za faragha, zile zinazoanza na 192.168 kwa mfano, na kuvitoa nje vyote kwa anwani moja. Pakiti ya mgeni inayofika bila kuitwa haijui iende kifaa gani, na kwa kawaida ruta huitupa. Hiyo ni faida kubwa, lakini nisingependa mtu aitegemee peke yake, na sababu yangu ya kwanza ni kwamba hatari haitoki nje ya nyumba tu. Simu ya mgeni, kamera ya ukutani, televisheni, kompyuta ya mdogo wako iliyoambukizwa, vyote viko upande wa ndani wa ruta, na kati yao na wewe hakuna bawabu mwingine isipokuwa yule wa kwenye kompyuta yako. Ukibeba kompyuta hiyo hadi bwenini au hotelini na kuiunganisha kwenye Wi-Fi ya pamoja, umekaa chumba kimoja na watu usiowajua. Isitoshe, anwani za aina mpya za IPv6 ziko tele kiasi kwamba kila kifaa kinaweza kupewa yake inayoonekana duniani kote, na hapo ile kinga ya kujificha nyuma ya anwani moja haipo tena. Kinachobaki ni fayawoli ya ruta, kama ipo na imewashwa, na fayawoli ya kompyuta yenyewe.

Ruta nyingi pia zina utaratibu unaoitwa UPnP, ambao unairuhusu programu iliyo ndani ya nyumba kuiomba ruta ifungue mlango, na ruta ikafungua bila kumwuliza mtu na bila nywila. Uliwekwa kwa nia njema, na wachezaji wengi huupenda kwa sababu mchezo hujifungulia njia wenyewe. Maoni yangu ni kwamba uzimwe. Kama mchezo unaweza kuomba mlango ufunguliwe, programu hasidi nayo inaweza kuomba, na ruta haina namna ya kuzitofautisha. Ni afadhali kuingia kwenye mipangilio ya ruta na kuandika kwa mkono wako kwamba poti fulani ielekezwe kwenye kompyuta fulani. Kazi hiyo ni ya dakika kumi, na ukiimaliza unajua ulichofungua. Kuhusu ule mpangilio wa ruta unaoitwa DMZ, ambao huelekeza kila pakiti isiyo na mwenyewe kwenye kompyuta moja, nasema tu kwamba usitumike kwa ajili ya mchezo.

Sasa nije kwenye lile dirisha dogo, kwa sababu hapo ndipo mambo huharibika. Mchezo unapofunguliwa kwa mara ya kwanza na kutaka kusikiliza wageni, Windows huleta dirisha likisema kwamba fayawoli imezuia baadhi ya shughuli za programu hii. Huonyesha jina la programu, mtengenezaji wake na mahali faili lilipo. Chini yake, kwa matoleo mengi, kuna visanduku viwili, kimoja cha mtandao binafsi na kingine cha mtandao wa umma, kisha kitufe cha kuruhusu na cha kughairi. Mara nyingi dirisha hilo hutokea nyuma ya mchezo uliojaza kioo kizima. Mchezaji hulikuta baadaye anapotoka, hajui ni la nini, na hubofya kughairi ili liondoke.

Hapo ndipo mkasa wa mpwa wangu ulipoanzia. Watu wengi hudhani kughairi ni sawa na kusema "nitajibu baadaye". Sivyo. Mtu anapoghairi, Windows huandika kanuni ya kuuzuia mchezo huo na haiulizi tena. Kesho yake mchezo hauunganishi. Mchezaji mwenye bidii hutafuta maelekezo, anaongeza kanuni ya kuruhusu poti inayohitajika, lakini bado haukubali, maana katika fayawoli ya Windows kanuni ya kuzuia hushinda kanuni ya kawaida ya kuruhusu. Anaongeza nyingine, inashindikana vilevile. Mwishowe huona fayawoli ni adui, anaizima, na mchezo unafunguka papo hapo, na somo analojifunza siku hiyo ni baya kabisa. Kumbe dawa ilikuwa kufungua orodha ya kanuni za mawasiliano yanayoingia, kulitafuta jina la mchezo, na kufuta zile kanuni mbili za kuzuia, moja ya TCP, ule utaratibu unaosubiri uthibitisho, na nyingine ya UDP, ambazo aliziandika mwenyewe bila kujua. Kwenye kompyuta ya dada yangu zilikuwepo, zote mbili, zikiwa na alama ndogo nyekundu pembeni. Nilizifuta, nikaiwasha fayawoli, nikamwambia kijana afungue mchezo. Dirisha likaja upya, tukalisoma pamoja, akaruhusu kwenye mtandao binafsi peke yake, na rafiki yake akaingia.

Kuhusu visanduku hivyo viwili, nawaomba msiweke alama kwenye cha mtandao wa umma isipokuwa kwa sababu mnayoweza kuieleza. Mtandao binafsi ni ule wa nyumbani mnaouamini, na mtandao wa umma ni ule mwingine wote. Lakini hakikisheni kwanza kwamba kompyuta inautambua mtandao wa nyumbani kuwa ni binafsi, kwa kuwa mara nyingi Windows huuhesabu mtandao mpya kuwa wa umma mpaka uambiwe vinginevyo. Mtu anaweza kuruhusu mchezo kwenye mtandao binafsi, ukakataa, akadhani ruhusa haifanyi kazi, kumbe nyumba yake mwenyewe imeandikwa kuwa ni uwanja wa umma.

Wale wanaoendesha seva yao ya Minecraft nyumbani nawaongezea angalizo moja. Toleo la Java la seva hiyo huendeshwa na Java, programu inayoendesha programu nyingine nyingi, kwa hiyo jina linaloonekana kwenye dirisha la ruhusa huwa ni la Java na si la mchezo. Ukiiruhusu Java nzima, umeruhusu kila programu itakayotumia faili hilo hilo la Java kusikiliza wageni. Ni bora kuandika kanuni inayotaja pia poti 25565, na kama marafiki wanaoingia ni wachache na anwani zao hazibadiliki, kanuni hiyo hiyo inaweza kutaja anwani zao, ili mwingine yeyote anayebisha asijibiwe kabisa.

Lipo lalamiko kwamba fayawoli huufanya mchezo ukwamekwame. Nimelisikia mara nyingi, na naamini mtu anayelitoa anaeleza kweli anachokiona, lakini sababu yake iko kwingine. Fayawoli ya kompyuta hulinganisha pakiti na kanuni zake kwa muda mfupi mno kuliko ambao mchezaji anaweza kuuhisi. Linganisheni na safari yenyewe: nuru hupita kwenye nyuzi za kioo kwa takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kama seva iko umbali wa kilomita 5,000, kwenda na kurudi peke yake ni milisekunde 50, na hakuna mpangilio wa kompyuta utakaozipunguza. Ongezeni Wi-Fi dhaifu, ongezeni mtu mwingine nyumbani anayepakua faili kubwa, na mmepata sababu ya mkwamo. Anayetaka kupunguza pingi, yaani huo muda wa kwenda na kurudi, achague seva ya karibu na aunganishe kompyuta kwa waya.

Nisiwadanganye kwamba fayawoli huzuia kila kitu. Katika mpangilio wake wa kawaida, fayawoli ya Windows huzuia wanaoingia bila kuitwa, lakini huviacha vinavyotoka vitoke. Programu uliyoipakua kwa mkono wako na kuifungua iko ndani tayari, na bawabu atalipitisha jibu la kila inachokiomba. Ndiyo maana naogopa sana zile programu za kudanganyia katika michezo na zile nakala zilizovunjwa kufuli, hasa zinapokuja na maelekezo yanayosema kwamba kabla ya kusakinisha lazima uzime fayawoli na kinga ya virusi. Maelekezo hayo yasomwe kama tangazo la mwizi anayekuomba umfungulie geti. Mchezo halali utakuomba ruhusa ya poti, hautakuomba umfukuze bawabu.

Desemba 2021 ulitangazwa udhaifu uliopewa jina la Log4Shell, uliokuwa katika maktaba ya programu iliyotumiwa pia na Minecraft toleo la Java. Mchezaji mwovu aliweza kuandika mstari mmoja kwenye gumzo la mchezo, na kompyuta au seva iliyouweka mstari huo kwenye kumbukumbu zake ikawa yenyewe inatoka nje kwenda kwenye seva ya mshambuliaji na kuleta msimbo wake. Tazameni jambo hilo lilivyokuwa: ujumbe uliingia kupitia mlango halali wa mchezo, na madhara yalitegemea kompyuta kutoka nje kwenda mahali ambapo mchezo haukuwa na sababu ya kwenda. Kinga ya kwanza ilikuwa kusasisha mchezo hadi toleo la 1.18.1. Lakini seva iliyokuwa na kanuni za mawasiliano yanayotoka, zinazoiruhusu kwenda pale tu inapohitaji, ilikuwa na nafasi ya kukatiza safari hiyo hata kabla ya sasisho kufika. Kwa kompyuta ya kawaida ya nyumbani sishauri kila kinachotoka kizuiwe, kwa sababu mtu atachoka na maswali na kuanza kuruhusu bila kusoma. Kwa anayeendesha seva, nashauri.

Na kuna shambulio ambalo fayawoli ya kompyuta haiwezi kulizuia hata kidogo, nalo ni lile la kufurikisha mtandao wa mtu kwa pakiti mpaka ashindwe kucheza. Bawabu wako anaweza kuzikataa pakiti zote, lakini njia yako ya intaneti imekwisha kujaa kabla hazijamfikia. Michezo inayounganisha wachezaji moja kwa moja huweza kuonyesha anwani yako kwa mpinzani, na wapo wanaolipiza kushindwa kwa njia hiyo. Vita hivyo vya wachezaji vilizaa jambo kubwa: Desemba 2017 vijana watatu nchini Marekani walikiri makosa yao kuhusu Mirai, programu hasidi iliyotumika pia katika ushindani wa seva za Minecraft. Iliteka kamera na ruta za watu kwa kujaribu nywila za kiwandani kupitia poti za Telnet, huduma ya zamani ya kuingia kwenye kifaa kutoka mbali, na msimbo wake ulipowekwa hadharani mwaka 2016 wengine wakautumia zaidi, hata tarehe 21 Oktoba mwaka huo tovuti nyingi mashuhuri zikawa hazifikiki kwa saa kadhaa. Vifaa vile vilikuwa vya familia kama zenu, vyenye mlango uliobaki wazi kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba upo.

Kwa hiyo, wazazi, mtoto akija kuwaambia kwamba mchezo umezuiwa, msimpe nywila ya msimamizi wa kompyuta ili akashughulikie mwenyewe, na wala msimkatalie. Kaeni naye dakika tano, msome dirisha lile, mtafute jina la mchezo kwenye orodha. Mtoto aliyeonyeshwa namna ya kuruhusu programu moja hatakuwa na sababu ya kuzima ulinzi wote.

Na nanyi vijana, mchezo mkiumaliza, ondoeni na ruhusa yake. Kuufuta mchezo mara nyingi hakufuti kanuni zake. Wiki iliyopita nilifungua orodha ya kompyuta yangu mwenyewe na kuisoma mstari kwa mstari. Nilikuta ruhusa za michezo sita ambayo haipo tena kwenye mashine, mmoja wao nikiwa nimeucheza jioni mbili tu, na kwenye ruta nikakuta poti moja iliyokuwa bado inaelekezwa kwenye kompyuta ya zamani niliyokwisha kuigawa. Nilizifuta zote. Siku iliyofuata mchezo ninaoucheza sasa ulifunguka kama kawaida, wala hapakuwa na dirisha lolote la kuniuliza.